Mishono ya Fundi Cheche

Jina la Cheche alipewa na mjomba wake akiwa na miaka kumi na saba, siku ambayo cheche ya moto ilimpenya kiatuni, naye badala ya kupiga kelele akamalizia kwanza mshono aliokuwa akiuchomelea, ndipo akavua kiatu kutazama kidole kilichoungua. Mjomba alicheka mpaka akaketi chini. "Huyu si mtoto, huyu ni cheche yenyewe," alisema, na jina likamganda. Sasa alikuwa na miaka arobaini na sita. Hata dada yake mkubwa, aliyeishi mbali na kuisaidia familia kwa ushauri wa simu tu, alimwita hivyo hivyo.

Mjomba alikuwa fundi wa mageti, madirisha na vitanda vya chuma. Alipofariki, karakana ilibaki kwa Cheche, lakini karakana ya uchochoroni haina kazi kila siku, kwa hiyo mara nyingi aliifunga kwa kufuli na kwenda kuchomelea kwenye miradi ya watu. Alikuwa na mkono mzuri. Mafundi wanaume waliomcheka asubuhi walikuwa wakimwita jioni aje awaonyeshe alivyoziba kona fulani. Yeye alionyesha, akanywa maji, akaenda zake. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na kadiri miaka ilivyokwenda maneno yalizidi kupungua, kwa sababu uchovu wa kazi ile hauchagui kiungo. Huanzia machoni, kama mchanga uliokataa kutoka, ukashuka kwenye shingo iliyoinama kutwa chini ya kinyago cha kuchomelea, ukaingia kiunoni, na ukifika magotini mtu hana hamu hata ya kusalimia.

Mradi uliombadilishia maisha ulikuwa daraja la waenda kwa miguu juu ya reli. Upande mmoja wa reli kulikuwa na mitaa ya makazi, upande wa pili soko, shule na zahanati kubwa. Watu walikuwa wakivuka kwenye kokoto, wakiangalia kulia na kushoto, watoto wakikimbia. Ndipo ikaamuliwa lijengwe daraja, lenye ngazi na pia mteremko mrefu wa mikokoteni, wagonjwa na wazee.

Siku ya kwanza mhandisi wa mradi aliwakusanya mafundi wote mbele ya rundo la mabomba ya mraba. Alikuwa mzee wa karibu kustaafu, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Mabomba yalikuwa yameanza kuvaa rangi ya chungwa.

"Mnaona kutu?" aliuliza.

"Tunaiona, mzee," mmoja akajibu. "Tulete msasa?"

"Ukileta msasa nitakupiga nao." Watu wakacheka. "Sikilizeni. Chuma hiki kimechanganywa na shaba kidogo na vitu vingine. Kinapata kutu ya juu, halafu kutu yenyewe inajifunga, inakuwa kama ngozi. Mvua ikinyesha na jua likiwaka, mara nyingi, ngozi inakomaa. Hakipakwi rangi, leo wala kesho."

Fundi rangi aliyekuwa amesimama nyuma akasema kwa sauti, "Basi mimi nimekuja kufanya nini hapa?" Wakacheka tena.

Mhandisi hakucheka. Aliwaambia mambo mawili ambayo alitaka yakae kichwani. La kwanza, mabomba hayo yana uwazi ndani, na maji yakiingia humo hayana pa kutokea, yatakaa yakila chuma kutoka ndani ambako jicho halifiki. Kwa hiyo kila ncha izibwe, na kila mshono uwe mzima. La pili, tabaka la juu kabisa la kila mshono, lile linalokutana na mvua, lichomelewe kwa vijiti maalumu vilivyotengenezwa kwa ajili ya chuma hicho. Vijiti vya kawaida havina ile shaba. Vitapata kutu, lakini kutu yao haitajifunga.

Vijiti hivyo vilikuja kwenye makopo, vikawekwa kwenye sanduku lenye joto la umeme visipate unyevu, na ufunguo wa sanduku akakaa nao msimamizi wa mafundi. Msimamizi huyo walimwita Chapuchapu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na mabosi juu yake waliokuwa na haraka, naye haraka hiyo aliigawa kwa wote bila upendeleo.

Kazi ilienda vizuri miezi mitano. Cheche aliupenda mteremko. Ulikuwa na viungo vingi, bomba linakutana na bomba kwa pembe ngumu, na kila kiungo kilidai mtu alale ubavu, au apige magoti, au ainue mikono juu ya kichwa mpaka mabega yafe ganzi. Alijua kila mshono wake kama mtu anavyojua meno yake.

Kisha mama yake akapata kiharusi.

Mama alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule za watoto wa mtaa mzima kwa miaka thelathini, na siku hiyo alianguka akiwa na futi ya kupimia shingoni. Mkono na mguu wa kushoto vilikataa. Maneno yalibaki, lakini yalikuja moja moja, kama watu wanaopita kwenye mlango mwembamba. Cheche akawa anatoka kazini anakwenda hospitali, anatoka hospitali anakwenda kazini. Alilala kwenye benchi, akala akiwa amesimama. Dada yake alipiga simu na kusema, "Mpeni matunda kwa wingi, na wewe usijichoshe." Cheche alisema sawa, akakata simu, akaegemea ukuta akiwa na simu mkononi.

Ilipobaki siku tatu daraja likabidhiwe, vijiti maalumu viliisha. Ilikuwa saa tisa alasiri. Cheche alikuwa chini ya mteremko, akibakiza tabaka la juu la viungo vitano tu. Chapuchapu alikuja na pakiti mkononi.

"Dada, malizia na hivi."

Cheche alitazama pakiti. "Hivi ni vya kawaida."

"Najua. Vile vingine vimekwama njiani. Vitafika wiki ijayo. Wiki ijayo sisi hatupo hapa."

"Mzee alisema..."

"Mzee yuko ofisini anasaini karatasi. Viungo vitano, dada yangu. Ndani vimejaa vile vizuri, ni juu tu. Nani ataona? Vyote vitakuwa na kutu, si ndiyo sifa yake? Malizia, saa kumi uwe kwa mama."

Huenda kama angesema neno lingine lolote, Cheche angekataa. Lakini alisema uwe kwa mama. Cheche aliuona uchovu wake wote umesimama mbele yake kama gari linalosubiri abiria wa mwisho. Alichukua pakiti. Akavuta kinyago usoni na kuchomelea viungo vitano, mishono mizuri, iliyonyooka, inayong'aa. Saa kumi na robo alikuwa hospitali, akimlisha mama yake kwa kijiko.

Ukapita mwaka mmoja na nusu.

Mama alirudi nyumbani. Alitakiwa kufanya mazoezi ya viungo kwenye zahanati ng'ambo ya reli, kila Jumanne na Alhamisi. Kwa hiyo mara mbili kwa wiki Cheche alisukuma kiti cha magurudumu juu ya mteremko alioujenga mwenyewe, na mara mbili kwa wiki alirudi kwa njia hiyo hiyo. Mteremko ulikuwa mrefu, na mama hakuwa mwepesi. Katikati, pale mteremko ulipojikunja kurudi nyuma, kulikuwa na sehemu tambarare ya kupumzikia, na hapo Cheche alisimama kila mara, akafunga breki, akavuta pumzi.

Chuma kilikuwa kimekomaa kama mzee alivyosema. Ile rangi ya chungwa ilikuwa imezama, ikawa hudhurungi nzito, karibu na zambarau jua likiwa upande. Watoto walipita wakikipapasa, na hakikuwachafua mikono tena. Watu waliokuwa wakinung'unika kwamba wamejengewa daraja bovu, limeota kutu kabla ya kufunguliwa, walikuwa wameshazoea, na wengine walianza kulisifu.

Ila viungo vinne. Kutoka pale walipopumzikia vilionekana vizuri. Mshono ulikuwa wa chungwa kali, unaotoa unga, na chini yake mstari wa kutu ulikuwa umeteremka kwenye bomba kama machozi kwenye shavu lenye vumbi. Cheche aliviona tangu mvua za kwanza. Alijitia hamnazo. Alijifunza kufunga breki akiwa ameelekeza kiti upande wa soko, na yeye mwenyewe akatazama soko, akahesabu miavuli ya wauzaji mpaka pumzi irudi.

Alhamisi moja gurudumu lilikwama, kiti kikageuka upande wa pili. Cheche aliinama kulitengeneza. Mama akanyoosha kidole cha mkono mzima.

"Ile... kazi yako?"

Cheche hakuhitaji kuinua kichwa. "Yangu, mama."

"Mbona... inalia?"

"Ni kutu tu."

Mama alitazama. Macho yake hayakuwa na kiharusi. Macho yale yalikuwa yameshakamata mshono uliopinda kwa upana wa punje ya mchele kwenye suruali ya mtoto anayekimbia. Aliutazama mshono mmoja, akaenda wa pili, akarudi kwenye mshono wa chini uliokuwa wa hudhurungi, mzima.

"Uzi," alisema. "Uzi... si mmoja."

Cheche akaketi chini kwenye sakafu ya daraja. Watu walimpita, mmoja akamkanyaga pindo na kusema samahani.

"Uzi uliisha, mama. Wakaniletea mwingine."

"Ukakataa?"

"Sikukataa. Nilikuwa nimechoka. Wewe ulikuwa hospitali, na mimi nilikuwa nimechoka."

Alitegemea atalaumiwa, au atasamehewa, lolote kati ya hayo mawili angelibeba. Mama hakufanya hata moja. Alipumua kwa taabu, akitafuta neno kwenye ule mlango mwembamba, na neno lilipotoka lilikuwa lile alilowaambia wanafunzi wake wa cherehani kwa miaka thelathini, bila hasira, kama mtu anayeomba mkasi.

"Fumua."

Ilichukua wiki mbili Cheche kupiga moyo konde. Mara ya kwanza alifika mpaka mlangoni pa ofisi ya mhandisi akageuka. Mara ya pili aliambiwa lifti imeharibika, akafurahi kupata sababu, akarudi nyumbani. Mara ya tatu alipanda ngazi. Katibu wa ofisi alimuuliza shida yake ni nini, naye akasema, "Daraja." Akaambiwa asubiri. Alisubiri mpaka akasinzia kitini, kichwa ukutani, na aliyemwamsha alikuwa mzee mwenyewe.

"Fundi Cheche. Ingia."

Mhandisi alikuwa amevua viatu chini ya meza, miguu yake imevimba. Hakuona haya, na Cheche akajisikia nafuu kidogo kumwona mtu mwingine aliyechoka. Akamweleza yote. Hakumficha Chapuchapu, wala hakujificha nyuma yake.

Mzee alisikiliza akiwa amefumba macho. Alipoyafumbua, alivaa miwani, akaivua tena.

"Unajua mimi napita pale?" alisema. "Niliona ile mistari. Nikajiambia ni maji ya mifereji. Nilikuwa sitaki kujua, fundi. Nimebakiza miezi minne nistaafu."

"Litaanguka, mzee?"

"Kesho? Hapana. Mwaka kesho? Hapana. Lakini mshono ule unaliwa polepole. Siku ukipata tundu, hata la sindano, maji yanaingia ndani ya bomba, na ndani ya bomba hakuna anayechungulia. Mtaendelea kupita juu, nanyi hamjui mnapita juu ya nini." Aliingiza miguu kwenye viatu. "Kwa nini hukusema siku ile?"

"Ningesema, ningebaki kazini mpaka jioni."

Cheche aliona hasira ikija usoni mwa mzee, ikakaa, halafu ikakosa nguvu.

"Mimi nitafumua na kuchomelea upya," Cheche alisema. "Bure."

"Wewe hutagusa," mzee akajibu. "Si kwa ubaya. Mshono ulioharibiwa na mtu haurekebishwi kwa kumpa mtu huyo huyo. Lakini utakuja kunionyesha kila kiungo kwa chaki."

Walikutana Jumatatu, chini ya mteremko. Chapuchapu alikuwepo, shati limechomekewa, uso umekunjamana. Alimvuta Cheche pembeni.

"Dada, umenichoma. Mbona hukuja kwangu kwanza?"

"Ungenikataza."

"Ningekukataza, ndiyo!" alisema, kisha akatambua alichokisema, akaangalia viatu vyake. "Mimi pia nilikuwa na watu juu yangu."

"Najua. Sikusema hukuwa nao."

Cheche alichukua chaki. Akazungushia mshono wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, ile iliyolia ambayo mtu yeyote angeiona. Mhandisi aliandika kwenye daftari lake, akalifunga. Chapuchapu akashusha pumzi. Kazi ilionekana imekwisha.

Cheche alisimama na chaki mkononi. Magoti yalikuwa yakimuuma. Kiungo cha tano kilikuwa juu kabisa, kwenye kivuli, pale bomba lilipoingia kwenye nguzo chini ya sakafu ya mteremko. Mvua haikufika hapo, wala hakukuwa na mstari wowote wa kutu. Ili mshono huo ufikiwe ilibidi kukata bamba la chini, kufunga mteremko wote, kuongeza siku. Hakuna mtu duniani aliyejua isipokuwa yeye, kwa maana hata Chapuchapu alikuwa amesahau idadi.

"Kuna mmoja tena," alisema.

Alipanda ngazi ya mbao, akajipinda, akauzungushia chaki. Mhandisi alipanda nyuma yake polepole na tochi.

"Huu hauna dalili yoyote, fundi."

"Najua, mzee."

Mzee aliandika. Chini, Chapuchapu alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Mteremko ulifungwa siku tisa. Uliwekewa utepe na kibao, na ngazi tu zikabaki wazi. Watu walilaani. Wenye mikokoteni walilaani zaidi. Cheche akiwa dukani alisikia mwanamke mmoja akisema, "Hawa mafundi wanatufanya wajinga, wanajenga ili wabomoe, wabomoe ili wajenge." Aliinamisha macho, akaomba mkate na sabuni. Kwa siku hizo tisa mama yake hakwenda zahanati, kwa sababu kiti cha magurudumu hakipandi ngazi. Cheche alimfanyisha mazoezi nyumbani, kitandani, akiinua mguu, akiushusha, akihesabu kwa sauti. Wakifika kumi na tano wote wawili walikuwa hoi, na mama alikuwa akicheka kicheko chake kipya cha upande mmoja.

"Fundi... mbaya," alisema mama.

"Mbaya kweli," alijibu Cheche. "Tena, mguu juu. Moja."

Mchomeleaji aliyepewa kazi alikuwa binti mdogo kutoka kampuni nyingine. Cheche hakumjua, lakini siku ya sita binti huyo alifika karakanani kumtafuta, akiwa na grenda ya kukatia chuma begani. Alisema walipokata mshono wa tatu walikuta tundu, dogo sana. Wakatoboa bomba kwa chini. Maji yalitoka rangi ya chai nzito, karibu ndoo nzima.

"Na ule wa juu?" Cheche aliuliza. "Wa tano?"

"Ule ulikuwa mzima. Ungekaa miaka na miaka." Binti akasita. "Mhandisi amesema nisikuambie. Lakini nimeona afadhali ujue."

Cheche alishukuru. Binti alipoondoka, alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha chuma ambacho hakijapakwa rangi bado, akajaribu kuhisi kitu, ushindi au majuto, lolote. Alichohisi ni kiu.

Kampuni iliyojenga daraja haikumwita tena. Hawakumwandikia barua wala kumtukana, waliacha tu kupiga simu. Mhandisi alistaafu mwezi uliopangwa. Chapuchapu alihamia kampuni nyingine na, kwa jinsi dunia ilivyo, alipandishwa cheo. Siku moja alikutana na Cheche sokoni, wakasalimiana vizuri, akamuuliza hali ya mama, naye akajibu anaendelea. Kisha kila mmoja akaenda zake.

Cheche alirudi kwenye mageti na madirisha. Alichomelea asubuhi, mchana alipumzisha macho kwa kitambaa cha maji baridi, na jioni hakufanya kazi. Wateja walilalamika kwamba anachelewa. Aliwaambia waende kwa mwingine kama wana haraka, na wengine walikwenda. Wachache walibaki. Mmoja wao alimletea bomba la mraba alilookota mahali, akataka kitanda, akamwambia lile tabaka la mwisho apige na vijiti vyovyote vilivyopo, si litafunikwa na godoro?

"Vyovyote sina," Cheche alisema. "Nina vinavyofaa. Njoo Jumatano."

"Jumatano mbali."

"Basi njoo Alhamisi."

Mtu yule alicheka, akaacha bomba, akaondoka. Cheche aliliburuta ndani, akaliweka kwenye meza, akapanguza mikono. Ilikuwa bado mapema. Nyumbani mama alikuwa na mkongojo mpya wa kujifunzia, na hatua zilikuwa zimefika saba. Alizima mashine, akashusha mlango wa chuma wa karakana, akafunga kufuli, akatembea kwenda nyumbani taratibu, maana hakuwa na namna nyingine ya kutembea.